Mbingu Inasemaje Leo?

"Futa na hii," Riziki alisema, akamrudishia Cesar simu bila kumtazama usoni.

Cesar, fundi simu wa Magomeni, alishusha pumzi. Hiyo ilikuwa programu ya tatu ya hali ya hewa anayoipakua na kuifuta asubuhi hiyo moja. Bando linateketea, wateja wanasubiri, na mjane huyu haridhiki na kitu!

"Na hiyo nayo ilidanganya?" aliuliza Bi Zuhura, mama mkwe wa Riziki, kutoka kwenye benchi.

"Ilidanganya, mama."

"Laana iishukie! Weka nyingine, baba. Mwanangu mmoja yuko mchangani kwa sababu ya simu yenye uongo. Ijumaa mdogo wake, Mohamedi, anavuka kuwaleta ndugu wa ng'ambo waje kwenye arobaini. Siziki wawili mimi."

Kipimo alikibuni Bi Zuhura mwenyewe, na tuseme kweli, bibi yule alikuwa na akili. Programu hizo zilitunza utabiri wa siku zilizopita. Basi kila moja irudishwe nyuma mpaka tarehe tisa ya mwezi uliopita, siku ile Sudi, mume wa Riziki, alipopanda mtumbwi kuvuka Ruvuma, kule mto unakokutana na bahari, tufani ikampindua. Itakayosema tufani ndiyo ya kweli. Itakayosema jua, ifutwe. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo kusoma ilikuwa kazi ya Riziki, kama siku zote.

Hata Sudi alimtegemea yeye. Herufi ndogo zilimshinda, na miwani aliionea haya. Kila alfajiri, akishaswali, husimama mlangoni na kuuliza, "Mke wangu, mbingu inasemaje leo?" Riziki akisema mvua, havuki. Akisema jua, huyo, anakwenda. Barazani alijigamba kwamba yeye hana haja ya simu, ana mke.

Sasa amezikwa, na bado anauliza. Riziki humsikia kila alfajiri, pale pale mlangoni, sauti imejaa maji. Akiwasha taa, hakuna mtu. Amehamia chumbani kwa mama mkwe, sauti imemfuata huko huko. Anaogopa kulala, anaogopa kuamka, amekonda mpaka pete haikai kidoleni. Majirani kule Mtawanya wanatikisa vichwa. Masikini, mapenzi gani haya!

Asubuhi ile ya mwisho aliuliza vile vile. Alikuwa amevaa kanzu mpya, anakwenda, alisema, kumjulia hali mjomba wake mgonjwa. Riziki alikuwa ameshachungulia mfuko wake: doti tatu za kanga mpya, halua, kichupa cha marashi. Mjomba gani anapelekewa marashi? Hakuuliza. Aliufunga mfuko vizuri, akaitazama simu, akamjibu mumewe, "Jua tupu."

"Haya, ya nne hii," Cesar alisema. Safari hii hakungoja ipakuliwe. Aligusa mara moja tu, ikafunguka.

Riziki alinyoosha mkono haraka. Bi Zuhura akaushika.

"Pumzika, mwanangu. Kila ukisoma ni machozi, utajimaliza. Cesar, nisomee wewe."

"Hapana, mama, nitasoma mwenyewe."

"Nimesema pumzika."

Cesar akarudisha nyuma kwa kidole, siku baada ya siku. "Tarehe tisa. Upepo mkali. Mvua kubwa ya radi. Tahadhari kwa wanaosafiri majini."

"Alhamdulillahi!" Bi Zuhura alijipiga kifua, machozi yakimtoka. "Hii ndiyo ya kweli! Jamani, laiti Sudi wangu angekuwa na hii, leo ningekuwa naye. Mwekee, Cesar. Mwekee hiyo hiyo."

Cesar alikunja uso. "Lakini mama, hii sijaiweka leo. Nilitaka kuipakua, nikakuta imo humu. Ndiyo niliyomwekea Riziki mwaka jana, na kabla ya leo hakuwa na nyingine."

Bi Zuhura, mkono wa mkwewe bado ameushika, akamgeukia taratibu.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ilifanana sana na ya mwanawe, "Sudi alipokuuliza, mbingu ilikuwa inasemaje?"

Riziki alitazama mlangoni kwanza. Kisha akakaa chini sakafuni.

"Nilitaka alowe tu, mama."