Udongo wa Mlangoni

Kwa hondohondo desturi ni hii: jike akiatamia, dume huziba tundu la mti kwa udongo na kumlisha kupitia ufa. Makinda wakiota manyoya, udongo hubomolewa.

Makinda wa Bi Hondohondo waliota manyoya zamani, lakini kila alipoudonoa udongo, mumewe alirudi akaziba upya. Siku alipofanikiwa kutoka, hakwenda kwao kulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Nungunungu, hakimu wa ndoa, kudai talaka na wanawe.

Nungunungu, aliyezoea kesi za majeraha, akamkagua kichwa hadi mkia. "Mbona sioni hata unyoya uliong'oka?"

"Hutauona, mheshimiwa. Niulize siku yangu huwaje."

"Haya, siku yako huwaje?"

Mumewe, aliyekuwa amemfuata hadi barazani, akadakia. "Niulize mimi, mheshimiwa, huyu hajui kujieleza! Chakula namchagulia mimi. Dada zake nimewafukuza, walikuwa wanamjaza maneno. Udongo nauongeza kila asubuhi asije akapotea. Nani mwingine anapendwa hivyo msituni humu?"

Bi Hondohondo akamkazia macho hakimu.

Nungunungu akalaza miiba yake taratibu. "Mama, chukua wanao uende zako."

"Haki iko wapi?" mume akafoka. "Sijawahi kumgusa hata kwa ukucha!"

"Ungempiga wa nini," akasema hakimu, "na mlango umeshauziba?"