Kiboko na Chemchemi Iliyofichwa

Hapo kale, kwenye bwawa lisiloondokewa na ukungu, alitawala Kiboko, mpenda sifa. Tembo kutoka nchi ya mbali walipita wakalisifu bwawa lake. Kiboko akalewa sifa, akawapeleka hadi kwenye chemchemi iliyofichwa ndani ya matete.

Wageni walipoondoka, Korongo, msema kweli, akamwuliza, "Mtukufu, umewaonyesha nini?"

"Kila kitu."

"Basi watarudi kwa wingi waikaushe chemchemi. Si leo. Ni wakati wa wajukuu zako."

Kiboko akashusha pumzi. "Afadhali. Siku zangu maji yatakuwepo." Akafumba macho, akaelea kama jani.

Alfajiri iliyofuata binti yake alijifungua. Mtoto akaogelea ndani ya ukungu, akapanda mgongoni mwa babu yake, akalala. Kiboko alisikia moyo mdogo ukidunda juu ya ngozi yake, akaogopa hata kujitikisa.

"Korongo," alinong'ona, "wale wajukuu uliowataja..."

"Wa kwanza ndiye huyo, Mtukufu."

Tangu siku hiyo Kiboko alikokota matope, akiziba njia aliyowapitisha wageni, huku akimwomba Mungu ampe siku za kutosha kuimaliza kazi.