Mama Lishe Hula Mwisho

Tulimpokonya mama lishe wetu Kuruthumu soda kabla haijafika mdomoni.

"We mama, unataka kufa? Si una sukari wewe!" alifoka mpakiaji mmoja, bado anatafuna chapati aliyopikiwa naye.

Kariakoo nzima inajua ana kisukari. Alfajiri alijichoma sindano, akaanza kutupakulia, naye hajatia kitu tumboni, maana mama lishe hula mwisho. Ndivyo tulivyowazoesha tangu enzi za mama zao. Sasa jasho lilining'inia kwenye ncha ya pua yake.

"Nina njaa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuomba.

"Tamaa hiyo, mama. Jikaze," tulimjibu.

Tamaa! Upande wa chini wa ubongo kuna sehemu ndogo kama korosho, inayosikiliza damu. Sindano ikishusha sukari mno na chakula hakuna, yenyewe ndiyo inayopiga kelele: kula, utakufa. Lakini sisi, mwenye njaa akisema, tunamfundisha subira.

Kuruthumu alitumbukiza kiganja kwenye kopo la sukari ya chai, akajijaza mdomo, akatafuna huku akitutazama sisi tulioshiba.