Kiganja cha Bi Rukia

Kidawa aliipunguza rangi ya manjano, akaifanya taa itikisike kidogo zaidi, kisha akamgeukia mama yake kwenye kochi.

"Na sasa?"

"Bado. Hiyo inatetemeka kama ina homa," alisema Bi Rukia. "Mshumaa hautetemeki, mwanangu. Unapumua."

Kidawa alikuwa fundi wa taa za jukwaani, na mchezo wao mpya ulihitaji mshumaa. Moto ulipigwa marufuku kabla hajazaliwa. Hata picha zake zilifutwa. Mtu pekee aliyemjua ambaye aliwahi kuuona alikuwa mama yake, na siku hizi mama alikuwa anasahau. Juzi alimwita Kidawa kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa.

Lakini mkono wake ulikuwa bado unakumbuka. Kila taa ilipokaribia kufanana na mshumaa, Bi Rukia aliinua kiganja kuikinga na upepo wa dirishani, bila mwenyewe kujua. Kidawa aliuamini mkono ule kuliko maneno.

Alirekebisha tena, taratibu.

"Ndiyo hiyo," mama alisema, akitabasamu. "Umeupata. Mshumaa wenyewe huo."

Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

Kidawa alilifungua dirisha zaidi. Pazia likajaa upepo. Mkono haukuinuka.

"Mama, huogopi utazimika?"

"Uzimike? Kwani mshumaa huzimika?"

Kidawa alifunga dirisha, akaizima taa bila kuhifadhi vipimo vyake.

"Bado, mama," alisema. "Tutajaribu tena kesho."