Msichana wa Shaba

Mkuu wa chuo alivuta kitambaa, na sanamu ya kuwaenzi wanafunzi wa kike wa kwanza ikaonekana: msichana wa shaba, macho chini, mtungi kichwani.

"Vigelegele, akina mama!" mshereheshaji akapaza sauti.

Hakuna aliyepiga. Wanawake wote walikuwa wanamtazama Bi Namsifu, mhandisi mstaafu aliyehitimu chuo kingine, wa mwisho aliye hai kati ya wasichana hao wa kwanza, waliovunja kwa nyundo kufuli la karakana ya chuo walipokatazwa kuingia.

"Mtungi wa nini?" aliuliza, akiinuka kwa mkongojo. "Tulikuja hapa kuchota maji?"

"Mama, hiyo ni ishara tu ya mwanamke wetu," mkuu alisema, akitabasamu.

"Wenu nani? Mimi nilishika nyundo! Na mkanifukuza chuo kwa sababu ya nyundo hiyohiyo."

Akaokota kitambaa, akakiinua kwa ncha ya mkongojo hadi juu ya mtungi, akamfunika yule msichana kama mtu anayemsitiri mwenzake aliyevuliwa nguo sokoni. Kisha akazivuta ncha za kitambaa, akafunga fundo.

Fundo lilipokaza, kigelegele cha kwanza kikapaa kutoka nyuma ya umati, kisha cha pili, kisha uwanja mzima.