Saa ya Mazishi

Sauda ndiye aliyeiandikia akili bandia ya msikiti maelezo ya kutuma taarifa za misiba. Aliandika, "Weka saa ya mazishi," asitaje kuwa ni saa za Kiswahili. Basi imamu aliposema saa nne, akimaanisha ya asubuhi, mashine ikaihesabu kizungu, na Makame aliyekuwa mbali akaarifiwa kwamba mama yake atazikwa "4:00 PM", yaani saa kumi alasiri. Alipofika, kaburi lilikwisha kufukiwa.

Sauda akamfuata makaburini.

"Nisamehe, kaka. Maelezo ya mashine niliyaandika mimi. Nilidhani inazijua saa zetu."

"Ingezijuaje, dada yangu, nawe hukuiambia?"

Makame akainama, akajaza mchanga kiganjani, akasimama nao juu ya kaburi, ukimchuruzika vidoleni.