Taa za Semboja

Siku hiyo mjinga alikuwa Semboja mwenyewe, wala hakuwa na wa kumsingizia. Taa za gari lake zilikuwa zimepauka na kuwa manjano. Kwa vile alikuwa anampeleka Mama Zaina, mama wa mchumba wake, kwenye kikao cha posa, alizisugua kwa waya wa kusugulia masufuria. Umanjano ulitoka kweli, ila ilibaki mikwaruzo mitupu.

Sasa walikuwa wamekwama mlimani asubuhi, ndani ya ukungu mzito. Kushoto palikuwa na korongo, na kulia barabara asiyoiona. Mwanga wa taa ulitawanyika mbele ya boneti kama maziwa yaliyomwagika. Wazee walikuwa wanawasubiri saa nne. Wakichelewa, posa ingeahirishwa hadi mwakani.

“Tuvumilie tu, mama,” alisema Semboja, jasho likimtoka. “Ukungu wa leo hakuna gari linaloupita. Hata taa mpya zisingefua dafu.”

Mara lori la kabichi likatokea mbele yao, taa zake zikiwaka safi, dereva akipiga mluzi. Likawapita, likaenda zake.

Mama Zaina aligeuka, akalisindikiza kwa macho.

“Na hilo, baba, limepita kwenye ukungu wa nani?”